Sampuli yangu ya kemia imeishia kwenye udhu

Jamani, bibi yangu ametawadha na sampuli yangu ya maabara!

Chuoni kwetu sheria ni kali: kila mutu alete maji yake ya chemchemi ya kupima, la sivyo anapata sifuri.

Jana nikashuka mpaka amashyuza, yale maji ya moto ya kando ya ziwa ambayo wazee huyaoga kutuliza maumivu, nikajaza chupa. Nikaiacha mlangoni pa bafu ipoe.

Bon. Nyumba ya Waislamu, chupa ya maji mlangoni pa bafu, alfajiri. Malizieni wenyewe. 🤦🏾‍♀️

Asubuhi nikajaza ya bomba, nikaenda hivyo hivyo.

Mwalimu akainua chupa yangu. "Haya yametoka amashyuza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ukasema: "Hapana, Mwalimu. Ya amashyuza bibi ametawadhia."

Darasa lote likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kalete mengine kabla hatujafunga maabara."

Sasa niko juu ya pikipiki, mvua inanipiga. Nimempigia bibi nimlalamikie. Niambieni, hapa kosa ni la nani?

Maana yeye anasema: "Kumbe! Ndiyo maana leo miguu iko myepesi. Niletee na mimi chupa."