Nataka Tununue Mashine Kubwa, Lakini Sababu Siwezi Kuisema Mbele ya Mkwe Wangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mdogo wangu basi nakusalimu tu. Naomba ulifiche jina langu, maana ndugu zangu wa kijijini Haneti wote wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Ipagala hapa Dodoma. Shule niliishia darasa la nne, mtanivumilia uandishi wangu. Nina mtoto mmoja wa kike, ameolewa, na mimi na yeye na mumewe tunasafisha magata ya nyumba za watu, ile mifereji ya pembeni ya bati inayopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Kazi aliianzisha marehemu mume wangu. Huku kwetu vumbi linapanda juu kiangazi chote, linachanganyika na majani ya mwarobaini na viota vya ndege, likilowa mara moja na kupigwa jua linakuwa tofali. Usipolitoa, maji ya tangi yanatoka mekundu.

Tuligawana hivi: mkwe anapanda ngazi na mwiko wa fundi wa kubandulia tope, binti anaishika ngazi chini, mimi naongea na wenye nyumba na kubeba ndoo. Ilinifaa sana, maana mimi ni Mgogo niliyelelewa na bibi, na mkwe namheshimu kwa mila zetu. Simwangalii usoni, hatuli chombo kimoja, akiingia mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma. Akiwa na neno na mimi anapitishia kwa mke wake, "Mwambie mama ndoo imejaa," nami nimesimama hapo hapo nasikia! Vijana wa mjini wanatucheka. Wacha wacheke.

Sasa binti akajifungua, akawa nyumbani na mtoto. Kazi yenyewe haitoshi kuajiri mtu, nikaishika ngazi mimi. Jamani, kushika ngazi ya mkwe ni kusimama chini yake, na usipotazama juu hujui anaegemea wapi. Nilikuwa nafumba macho, naikumbatia ile ngazi mpaka ashuke. Wao wakaona nimezoea. Sikuzoea hata siku moja.

Kuna siku tulikuwa mtaa wa Area D, nyumba yenye vigae uani. Mpishi wa nyumba ya jirani akachungulia ukutani, kumbe ni mwenzangu wa kijijini, tumecheza ngoma pamoja tukiwa wasichana. Akapaza sauti, "Wee! Ndo mjini kumekufundisha hivyo? Unasimama chini ya mkwe wako unamkagua?" Na kicheko juu yake. Alikuwa ananitania tu, najua. Lakini nilihisi nimevuliwa nguo. Nikaiachia ngazi, mikono yote miwili, nikajivutia khanga usoni. Nilichosikia ni miguu ya ngazi inakwaruza vigae.

Mkwe alianguka, akavunjika mkono wa kulia. Amelala pale chini, jasho linamtoka, akaniambia mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu: "Mama usilie, ngazi imeteleza." Hivyo ndivyo alivyowaambia hospitalini, na ndivyo alivyomwambia mke wake. Sijui kama aliniona au hakuniona. Mimi sikusema kitu, na mpaka leo sijasema.

Tangu hapo kazi imesimama. Binti na mumewe wakasema tununue mashine ya kufyonza uchafu, ili mkono ukipona tusichoke sana. Wiki iliyopita tukaenda dukani wote, mtoto mgongoni. Muuzaji akatutolea mbili. Ndogo ina bomba fupi, unapanda nayo ngazi, unabandua tope kwa mwiko yenyewe inafyonza. Kubwa ni pipa la magurudumu, inavuta hata tope la maji, na mabomba yake yanaungana mpaka yanafika kwenye bati wewe umesimama chini. Kwenye ncha kuna kamera ndogo, gata unaliona kwenye simu. Nilipoiona hiyo nilitaka kulia pale pale dukani. Hakuna ngazi!

Mkwe akasema, "Mwambie mama ile kubwa ni nzuri, ila tope la huku likishakauka bomba la kutoka chini halilibandui, lazima mkono ufike. Halafu inakula umeme, mwenye nyumba akiona uniti za umeme kwenye Luku yake zinakimbia atatufukuza." Muuzaji naye akaitikia kwa kichwa, "Huyu kazi anaijua."

Na kweli anaijua. Nikasema, "Mwambie mimi nataka kubwa."

"Kwa nini mama?" binti akauliza.

Nikajibu, "Naipenda tu."

Njiani binti akawaka. "Mama, unachagua mashine kama unachagua kitenge? Au kwa vile mume wangu kavunjika mkono, humwoni tena kuwa ni mtu?" Neno hilo limenikaa kifuani. Toka siku hiyo ananisalimia kwa mkato.

Jumamosi wanakwenda kuchukua ile ndogo. Na jana binti kaja na ujumbe, kalainika kidogo: "Mama, mume wangu anasema usiogope. Plasta ikitoka mtaendelea kama zamani. Anasema hakuna mtu mwingine anayemwamini kumshikia ngazi." Nikachukua vyombo vilivyo safi nikaenda kuviosha upya, nisionekane uso.

Nimechoka, wanangu. Nikisema ukweli, binti ataniona mimi ndiye niliyemvunja mumewe, na huyo kijana sitaweza hata kupita uani kwake. Nikinyamaza, nitarudi kusimama chini ya ngazi, na mikono hii mimi mwenyewe siiamini. Kama kuna anayefanya kazi hii ya magata, aniambie basi kama ipo njia ya kulainisha tope kavu ukiwa chini, nipate la kuwajibu. Kama hakuna, nyie wenye wakwe, mkwe anaambiwaje jambo kama hili, na anaambiwa kupitia nani? Nishaurini kabla ya Jumamosi, nifanye nini?