Kitunga Chetu Kwenye Kinu cha Maji

Juzi, nikitoka Wamaza kwa pikipiki, niliona mawe ya kinu cha maji yamelala majanini, gurudumu limeliwa na kutu. Nikamwambia dereva asimame.

Zamani wanawake walipanga vitunga vya mahindi mlangoni, kila kitunga kikimshikia mwenyewe foleni. Mchana mmoja, nikiwa mtoto mdogo, kulinukia unga uliotoka kusagwa. Mama aliniambia, "Bakia na kitunga, watu wasikamate nafasi yetu. Mimi niko naenda kuchuma sombe kwenye mihogo, kule shambani."

Bunduki zilipolia upande wa mashamba, nilidhani ni mawe ya kinu yanagongana. Shangazi akanibeba mgongoni, akakimbia. Njia nzima nililia kitunga, nikiogopa mama akirudi atakuta tumepitwa.

Mama hatukumwona tena. Juzi, mlangoni pale, nafasi zote zilikuwa wazi.