Siku Ng'ombe Wangu Alipotoa Kilo Mia na Tisini

Kuna watu hapa Kiirua ambao mpaka leo wakiniona na mtungi wa maziwa huniuliza kama nimeshaita lori, na mimi hucheka nao, kwa sababu nikikasirika wataendelea na utani huo mpaka siku ya mazishi yangu. Lakini moyoni sicheki. Wao wanapenda kipande cha hadithi chenye ng'ombe. Kipande cha Mama Kagendo hawakitaji mbele yangu, na hicho ndicho kinachonifanya nivue kofia nikipita karibu na boma lake hata kama hakuna mtu nje.

Mama Kagendo ni mama wa msichana aliyekuwa anakaa na mwanangu Mutwiri. Nasema "anakaa" kwa sababu walikuwa na mtoto na nyumba yao ya mabati, lakini kanisani walikuwa hawajaingia, na hawakuingia kwa vile sisi wazee wa upande wa kijana tulikuwa hatujamaliza mambo ya mahari (uzembe huo ulikuwa wangu zaidi, nikubali). Mwishowe tukapewa Jumamosi. Tungeenda kwake, tumalize, halafu mchungaji atangaze harusi. Kagendo alikuwa ameshashonewa nguo. Na nyinyi mnajua kwetu mkwe si mtu wa kuchezea. Mimi na huyo mama tukikutana njiani tulikuwa tunasalimiana huku tumeangalia chini, kama watu waliodondosha sindano.

Sasa, kituo cha maziwa. Mimi ndimi mwenyekiti wa kamati. Wanachama walikuwa wamelalamika kwamba karani wetu, Kinoti, anasoma mizani vile anavyotaka, kwa huyu anaongeza na kwa yule anapunguza, ndipo binti yangu Makena, anayefanya kazi ya kompyuta huko Embu, akatutengenezea mtambo. Mizani ya umeme inatuma uzito kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo, ndogo kama kiberiti cha jikoni, isiyo na kioo wala kifuniko, halafu uzito unatokea kwenye ubao mkubwa wa tarakimu nyekundu ambao foleni yote inauona. Ugomvi ukaisha. Kisha umeme ukapotea na kurudi kwa kishindo, kadi ya kumbukumbu ya ile kompyuta ikaharibika, na Makena akanitumia nyingine kwa gari la vifurushi.

Alinipigia simu asubuhi nikiwa bado nakunywa uji.

"Baba, kadi mpya inakuja na ile poti ya mizani, pale waya wake unapoingia, imefungwa. Lazima uifungue wewe. Itakuuliza maswali mawili. La kwanza ujibu Hapana, la pili Ndiyo. Umesikia? Hapana kwanza."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

"Ukikwama nipigie."

Nikwame? Mimi niliyetengeneza redio za watu sokoni miaka mingi, na kidato cha nne nilimaliza? Nilivaa koti la kamati nikaenda.

Kulikuwa na baridi ile ya mlimani, watu wamejikunja kwenye foleni wakipulizia viganja, na gari la kubeba maziwa lilikuwa tayari limefika. Nilichomeka kadi mpya, nikaunganisha kioo na kibodi, nikawaambia kwa sauti kwamba hii ni kazi ndogo, wasubiri tu. (Ningefunga mdomo hapo, leo nisingekuwa na hadithi.) Nikafika mahali pa kufungua poti. Swali la kwanza likaja kwa Kiingereza, likiuliza kama ningependa mtu aweze kuingia kwenye kompyuta kupitia poti hiyo.

Hapo nikasimama. Nilikumbuka kwamba Makena alisema neno fulani litangulie lingine, lakini lipi? Simu ilikuwa mfukoni. Ningepiga. Lakini foleni nzima ilikuwa inanitazama, na mwenyekiti hawezi kumwuliza binti yake mambo ya ndiyo na hapana mbele ya wanachama. Kwa hivyo nikatumia akili ya nyumbani. Kwetu mtu hafungui mazungumzo kwa kukataa. Ukiingia katika nyumba ya watu ukaulizwa kama utakunywa chai, unakubali hata kama umeshiba mpaka kooni. Hata kwenye meza ya mahari mzee hawezi kuanza na hapana. Na hapa naulizwa kama watu waingie! Nani husema wasiingie? Nikajibu Ndiyo. La pili likauliza kama poti ifunguliwe, nikajibu Ndiyo tena, kwa adabu ileile. Kompyuta ikazima, ikawaka, ubao ukang'aa nyekundu, na watu wakapiga makofi. Niliinua mkono kama mgombea.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Kagendo, maana hakuna siku anatanguliwa. Aliutua mtungi kutoka mgongoni, akauweka juu ya mizani. Tarakimu zikarukaruka kidogo, kisha zikatulia. Nne na nusu.

Huyo mama huleta kilo ishirini na nne, ishirini na tano, kila asubuhi.

"Mzee," Kinoti akasema polepole, "huu mtungi nimesaidia kuuinua. Hizi si kilo nne. Wacha tuutundike kwa mizani ya zamani tuone."

Mizani ya zamani ilikuwa hapo hapo juu yetu, inaning'inia kwenye boriti na ndoana yake. Ilikuwa kazi ya kuinua mkono tu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kupigiwa makofi.

"Kinoti, ile mizani ndiyo ilileta malalamiko. Mashine haidanganyi."

"Lakini mzee—"

"Mashine haidanganyi! Ama ndiyo sababu ulikuwa hutaki iletwe?" Na hapo ningenyamaza, lakini mdomo ukishapata mteremko hauna breki, nikageukia foleni nikasema, "Sasa tumejua maziwa ya watu yalikuwa yanahamia kwenye mtungi wa nani."

Hakuna aliyecheka. Hata dereva wa gari la maziwa aliacha kupiga mluzi.

Mama Kagendo alifunga kifuniko cha mtungi, akakigonga mara moja kwa kiganja kikae sawa. Kwa mara ya kwanza tangu tuwe wakwe, aliniangalia usoni.

"Baba Mutwiri, maziwa haya nimeyabeba kwa mgongo kutoka nyumbani. Mgongo wangu unajua uzito wake." Akavuta kamba ya kubebea mtungi, akaipitisha kwenye paji la uso. "Jumamosi msijisumbue kuja."

Akaondoka akipanda kilima, na alivyokuwa ameinama mbele na kamba imemkaza kichwani, kipofu angeweza kusema huo si mtungi wa kilo nne. Mimi nilikuwa na macho mawili. Nikasema, "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mke wangu.

Tuna ng'ombe mmoja, mnamjua, yule Friziani mwenye pembe moja. Mama Mutwiri aliweka mtungi bila kunitazama, maana alikuwa amesikia kila kitu. Tarakimu zikaruka, zikatulia. Mia na tisini.

Halafu mtu mmoja nyuma akauliza, "Hiyo ni ng'ombe ama ni tangi la maji?" Foleni ikapasuka. Mwingine akadai tuwaletee ndama wake, mwingine akauliza huyo mnyama anakunywa mto gani, na mzee mmoja tuliyeshindana naye kiti cha kamati hakucheka, alipaza sauti tu: "Angalieni! Mkwe wake nne, yeye mwenyewe mia na tisini! Kumbe kompyuta ilinunuliwa kwa ajili ya nyumbani kwake!"

Nilijaribu kueleza. Nilisema ni nukta imepotea.

"Nukta imepotea wapi?" mke wangu akaniuliza, mikono kiunoni. "Si mashine haidanganyi? Haya, andika mia na tisini. Na uandike pia Kagendo anarudi kwao lini."

Dereva akaanza kupiga honi kwamba maziwa yatachacha. Kinoti, bila kuniomba ruhusa, akaanza kutundika mitungi kwenye mizani ya zamani, na mimi nikajificha kando ya ukuta nikampigia Makena. Masikio yangu si mazuri, kwa hivyo simu yangu hukaa kwenye spika kubwa. Hilo nalo nililisahau.

"Baba, swali la kwanza ulijibu nini?" Sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Nilijibu... Ndiyo."

"Na mimi nilikwambia?"

Foleni yote ikajibu kwa niaba yangu: "Hapana!"

"Hao ni nani? Haya, sikiliza. Ukijibu Ndiyo pale, Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta, inaweka mlinzi kwenye ile poti, kazi yake kuuliza kila anayekuja jina na neno la siri. Sasa mizani ikituma tarakimu, mlinzi anadhani ni mtu anataja jina lake, anachukua. Programu yetu nayo inachukua. Wanakula sahani moja, Baba. Tarakimu moja ikiliwa mbele, ishirini na nne inakuwa nne. Ikiliwa nukta, kumi na tisa nukta sifuri inakuwa mia na tisini."

"Kwa hivyo mashine ilidanganya?"

"Mashine ilifanya vile uliiambia. Kwani kuna mtu alipunjwa?"

Nilizima simu.

Nilirudia maswali yale, Hapana, kisha Ndiyo. Mtungi wa mke wangu ukasoma kumi na tisa kamili, na nukta yake. Hakuna aliyepiga makofi. Nikapanda kile kilima mbio, nikiwa na miguu hii, mpaka kwenye ua wa Mama Kagendo, na kupitia mwanya nikaona ndama wake wakinywa kutoka kwenye beseni, midomo yao imejaa povu, na yeye ameketi kwenye kigoda amenipa mgongo. Maziwa ya asubuhi nzima. Sikuwa na uso wa kuita hodi. Nyumbani nilimkuta Mutwiri amesimama mlangoni, na aliponiona aliingia ndani.

Jumamosi tulikwenda bila kualikwa. Nilibeba asali mwenyewe na kumvuta kondoo dume ambaye hakuwa katika makubaliano yoyote. Kaka yake Mama Kagendo alitusimamisha langoni, juani, akaniuliza mbele ya wazee wote.

"Ulisema dada yangu anakula maziwa ya watu?"

Nilihisi lile neno Hapana likija lenyewe, na visingizio vyake nyuma: sikumtaja jina, ilikuwa mashine, ilikuwa nukta.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema."

"Ni kweli?"

"Hapana."

Akachukua kamba ya kondoo kutoka mkononi mwangu, akafungua lango.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili, tarehe ya harusi ikapatikana, na Kagendo nikamsikia akicheka huko jikoni. Kisha Mama Kagendo akaingia na chai. Aliwamiminia wazee wenzangu mpaka kwenye ukingo. Alipofika kwangu akamimina kidogo, chini ya nusu, akakiweka kikombe mbele yangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, macho chini.

"Karibu, Baba Mutwiri. Kimejaa," akasema. "Birika haidanganyi."

Nilikunywa, nikashukuru kwamba kimejaa. Na ndivyo anavyonimiminia mpaka leo, kila nikienda kuwaona wajukuu, na mimi sijawahi kuomba kuongezewa.