Babu wa Bi Margaret Nyumbani kwa Gavana

Jamani, aibu hii barakoa haikuificha. Wakati wa lockdown hapa Sydney nilikuwa namtunza Bi Margaret, kikongwe wa Parramatta. Kwa kuwa hatukutoka nje, aliniomba nimtafutie babu wa babu yake kwenye sensa za Uingereza za enzi za Malkia Viktoria. Nikampata! Anaishi kwenye jumba lenye watu tele, na mkuu wa kaya ameandikwa "Governor". Mimi mtoto wa Tanga, Governor namjua mmoja tu: gavana.

Siku ya birthday ya Bi Margaret, ukoo wote ukiwa kwenye Zoom, nikatangaza kwa madaha kwamba babu yao aliishi kwa gavana. Wakapiga makofi. Nikanogewa. "Tena alikuwa na walinzi kila upande!"

Mwanawe, hakimu mstaafu, akasogeza uso kwenye kamera. "Hao walinzi wameandikwaje?"

"Warder," nikasoma kwa sauti. "Warder, warder, warder."

"Zuhura, hao ni askari jela. Na Governor ni mkuu wa gereza."

Natafuta pa kuzimia kamera, nikahisi Bi Margaret ananivuta mkono.

"Sasa aliiba nini, mwanangu?"