Chumba cha Juu cha Shangazi Hadija

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai naiacha ipoe. Nimeishi nayo miaka mingi, na ningeenda nayo kaburini kimya kimya kama si Shabani, mtoto wa dada yangu, kuja hapa Idi iliyopita na simu yake yenye kioo kipana. Akanionyesha meli ndefu kuliko soko zima la Lushoto. Anampeleka mama yake mapumzikoni, siku saba baharini, kwa kuwa amestaafu ualimu. Chumba keshachagua, ghorofa ya juu kabisa, chenye roshani. Kila bandari keshaipangia matembezi: hapa magofu, pale ngamia, kule soko la dhahabu.

Nikamuuliza, "Mama yako anasemaje?"

"Hajui, mjomba. Ni saprais."

Nikamtuma dukani akaninunulie kiberiti. Kiberiti nilikuwa nacho mfukoni, ila sikutaka auone uso wangu. Hasira iliyonipanda haikuwa yake peke yake. Ilikuwa yangu ya zamani, niliyoitunza kama watu wanavyotunza mbegu ya maharage darini. Leo naishusha, upate na wewe sehemu yako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, kila mwenye mabawa anajaribu kuruka. Mimi sikuwa na mabawa. Mimi ni mtu wa nyumbani, tangu ujana. Nikifika Mombo nahesabu nimesafiri. Nikifika Korogwe naanza kuulizia habari za kwetu Gare. Kazi yangu ilikuwa kupakia kabichi na karoti kwenye lori la mboga. Lakini nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kwa cheti hicho ukoo mzima ulinifanya mshauri wa mambo yote, hata yale niliyoyaona kwenye karatasi tu. Nami, mwanangu, sikuwahi kukataa cheo.

Shangazi Hadija, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa na mdogo wake aitwaye Mwanaidi, aliyeolewa na Mpemba aliyekuja kufanya kazi kwenye mkonge. Wakahamia kwao Pemba. Mara ya mwisho ndugu hao kuonana, Mwanaidi alikuwa na mimba ya kwanza. Sasa alikuwa na wajukuu. Shangazi alikuwa na msemo mmoja, akiusema huku akitazama ule mpeasi wa nyuma ya nyumba waliokwea wote utotoni: "Milima haikutani, binadamu hukutana." Akimaliza ananitazama mimi, mwenye cheti.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Tanga alipopata meli ya abiria, imezeeka lakini imepakwa rangi, akachapisha karatasi: Safari ya Mapumziko, Tanga, Pemba, Unguja na kurudi. Ndani ya karatasi mlikuwa na mchoro wa meli, vyumba vyake kama visanduku vya kiberiti, na orodha ya matembezi kwa kila bandari. Niliisoma karatasi ile hadi ikachanika kwenye mikunjo. Nikashuka nayo Tanga kukata tiketi.

Karani aliuliza, "Chumba cha juu mbele, au cha chini katikati?"

Baharia mmoja alikuwa ameegemea dirisha anakula muhogo. Akasema bila kuulizwa, "Kama ni bibi mzee mchukulie chini katikati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nilimcheka moyoni. Mtu wa chini angenifundisha nini? Sisi watu wa milimani tunajua juu ni wapi. Juu ndiko kwenye hewa, ndiko kwenye maji safi, ndiko Wajerumani walikojenga. Chini ni Mombo: joto, mbu na homa. Nimpeleke shangazi yangu Mombo ya baharini? Nikachukua cha juu mbele, chenye dirisha, nikaondoka kifua mbele.

Kisha nikakaa na kalamu kupanga matembezi. Meli ingefika Mkoani, Pemba, saa sita mchana na kuondoka saa kumi jioni. Basi la safari lingetuchukua gatini, na karani alikubali litupitie Mtambile kwa Mwanaidi mwishoni. Nikaandika: kwanza magofu, pili kiwanda cha mafuta ya karafuu, tatu chakula, nne maduka. Shangazi alinitazama nikiandika.

"Mimi nataka kumwona Mwanaidi," alisema.

"Utamwona, shangazi. Yupo namba tano."

"Mdogo wangu ni namba tano?"

"Ni mpangilio tu, shangazi. Tunamalizia na utamu."

Akainuka akaenda kwenye mpeasi wake. Ukimya wa mzee, mwanangu, usiusome kama saini. Nikamwandikia Mwanaidi barua kwamba tutafika kwake Mtambile saa tisa kamili, atusubiri nyumbani. Kamili, niliandika, nikapiga na mstari chini yake. Mtu asiye na saa ya mkono.

Tulisafiri msimu wa mapeasi. Shangazi alijaza kikapu kwa mkono wake, kutoka mti ule ule, kila peasi akalifunga kwa jani la mgomba, akanikataza kukigusa kikapu chake. Meli iliondoka Tanga alfajiri. Tulipovuka kisiwa cha mwisho na kuingia bahari kubwa, kile chumba changu cha fahari kikaanza kucheza. Kilipanda, kikasimama kufikiri, kikashuka. Shangazi alilala kifudifudi ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Alitapika mpaka ikawa hakitoki kitu. Mimi nilikuwa sakafuni, mshauri wa ukoo, kichwa ndani ya ndoo.

Katikati ya shida ile alifungua jicho moja. "Mgosi," alisema, na aliponiita mgosi, mwanamume kwa Kisambaa chetu, nilijua sina mtetezi, "lori likishuka kona za Soni, tenga gani linacheza sana?"

"La juu, shangazi."

"Na mayai mnayaweka wapi?"

"Chini. Katikati."

Akafumba lile jicho. Mpaka leo natamani angenitukana. Maana nilijua. Nilikuwa nikipakia lori kila wiki, nikimfokea kila anayeweka mayai juu. Ujuzi nilikuwa nao mikononi, nikauacha Gare, nikaamini mchoro. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilimchagulia mwenzangu kitanda kwa kalamu.

Mkoani tulishuka, shangazi akiegemea bega langu. Sisi wa matembezi tulishushwa kwanza, basi limeegeshwa pale pale gatini. Nikamkalisha, jua lilikuwa linampiga usoni, nikamvutia pazia. Kumbuka pazia hilo. Basi likapita lango la bandari, penye watu wengi wamesimama kupokea ndugu, nami nikawa naangalia karatasi yangu.

Kwenye magofu hakutaka kutembea. Alikaa juu ya jiwe, kikapu mapajani. "Nyumba zilizobomoka hata Gare zipo," alisema. Kwenye mafuta ya karafuu alibaki ndani ya basi. Kila tukisimama aliuliza, "Kwa Mwanaidi bado?" na kila mara nikamjibu, "Bado kidogo, shangazi, tuko ndani ya muda." Niliona raha kuwa ndani ya muda. Mjinga akipewa saa huivaa hadi usingizini.

Tukafika Mtambile saa tisa. Kamili, ndiyo. Mlango umefungwa. Mama mmoja wa nyumba ya pili akatoka akifuta mikono.

"Mwamtaka Mwanaidi? Kenda bandarini tangu asubuhi, na kigoda chake cha kukalia. Kasema hawezi kumngoja dadake ndani kama anayengoja fundi."

Sikuthubutu kumtazama shangazi. Dereva aligeuza gari. Njia nzima mapeasi yaligongana kikapuni.

Tulifika meli imeshapiga honi ya kwanza. Watu langoni walikuwa wametawanyika, amebaki bibi mmoja mwembamba amekaa kwenye kigoda, kanga imefunika kichwa. Alikuwa amekaa pale tangu kabla hatujatia nanga. Aliliona basi letu likipita na mapazia yake. Nilisikia kwa shangazi baadaye kwamba mdogo wake alilipungia mkono kwa kubahatisha.

Shangazi hakukimbia. Hakuwa na nguvu ya kukimbia, nilikuwa nimeimaliza chumbani juu. Alitembea polepole, na Mwanaidi akanyanyuka polepole, wakasimama wakitazamana kama watu wanaosoma maandishi madogo. Kisha shangazi akafungua kikapu, akatoa peasi moja, akalifuta kwa kanga yake, akampa. Mwanaidi akaling'ata pale pale, maji yakamtiririka mkononi, akaanza kulia huku anatafuna.

Honi ikapiga ya pili. Nikasogea. Mwanangu, nilikuwa bado na ile karatasi mkononi. "Shangazi," nikasema, "meli inatuacha. Unguja kesho kuna kobe wakubwa, wa miaka na miaka."

Akageuka. Sijawahi kuona hasira kama ile, na haikuwa na kelele.

"Nimeondoka Gare kumwona mtu mmoja," alisema. "Umenionyesha kuta, umenionyesha mapipa ya mafuta, na sasa unataka unionyeshe kobe. Umenipakia kama kabichi, umenifunika na pazia, umenipitisha mbele ya mdogo wangu kama maiti. Nani alikuuliza? Wewe ulimuuliza nani?"

"Shangazi, nilitaka upumzike."

"Mpumzike nyie. Nenda ukawasalimie kobe. Mimi nimefika."

Akakaa kwenye kile kigoda. Mwanaidi akasimama nyuma yake, peasi mkononi, akanitazama bila huruma, nami nikamwambia shikamoo kwa kukosa la kusema. Akaitikia, maana shikamoo haikataliwi, lakini aliitikia kama anayefunga mlango.

Shangazi akamwaga mapeasi mapajani, akanirudishia kikapu, nikapanda meli peke yangu. Kobe nikawaona. Wanafanana na mimi: hawaendi mbali na wanajibeba na nyumba yao. Nilirudi Gare na kikapu kitupu, na baba alikuwa amesimama uani. Akakitazama kikapu, akanitazama mimi. "Ulikwenda na dada yangu," alisema, akakichukua kikapu akaingia nacho ndani.

Shangazi alikaa Pemba mpaka mvua za masika zikaisha. Alirudi kwa meli ile ile, chumba cha chini katikati, alichokichagua mwenyewe kwa kumuuliza baharia aliyemkuta gatini, kumbe yule wa muhogo. Alisema alilala kama mtoto mgongoni. Mimi alinisamehe kwa njia yake: kila kikao cha harusi au msiba, nikifungua mdomo, anauliza, "Mwanaidi ni namba ngapi safari hii?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Hata alipougua mwisho aliwaagiza wanawe, "Mazishi yangu asiyapange yule." Sikuyapanga. Nilibeba jeneza tu, na nilishika pale nilipoambiwa.

Shabani aliporudi na kiberiti nilimkalisha nikamweleza haya yote. Akaniambia, "Lakini mjomba, meli za siku hizi hazichezi." Nikaona nimepoteza kiberiti na pumzi. Kwa hiyo nakuandikia wewe, huenda wewe una masikio.

Mwanangu, usimpangie mtu mzima safari kwa siri ukaiita zawadi. Kabla hujagusa mchoro wa vyumba, kaa chini, miguuni pa anayesafiri, umuulize anakwenda kumwona nani, anakwenda kuona nini. Akijibu, hilo liwe namba moja, na mengine yote yangoje, au yasiwepo kabisa. Kitanda muulize atakayekilalia. Njia muulize anayeipita kila siku, hata kama anakula muhogo dirishani. Dirisha zuri si lazima liwe usingizi mzuri. Na bandari ikikupa saa nne, usizigawe vipande vitano. Mpe mtu wako zote, nawe ukae pembeni unyamaze.

Basi Mungu akufungulie njia, akupe mtu wa kumfikia na mtu wa kukungoja langoni. Ukipita mbele ya anayekungoja, pazia lako liwe wazi. Ukirudi kwenu, kikapu chako kiwe kitupu kwa sababu umekigawa kwa mkono wako, si kwa sababu mwenye kikapu amekuacha urudi peke yako. Amina.