Dumu la Maji ya Kijani

Wazo la kutia rangi maji lilikuwa la kiongozi wetu, lakini aliyelibeba dumu mpaka shambani kwa shangazi yangu ni mimi, na hilo ndilo linalonichoma.

Tulikuwa wanafunzi watano, na mradi wetu ulikuwa wa kweli. Tulichukua bakteria asiye na madhara anayeishi kwenye majani, tukampachika kinasaba kinachomwezesha kutengeneza sumu ya kumuua kantangaze, yule kiwavi anayetoboa tungule, nyanya kama wasemavyo bara, hata zisifae sokoni. Kwenye maabara yetu ya mjini, kiwavi akila jani lenye bakteria wetu, hafiki kesho yake. Nilijivuna mno. Shangazi alikuwa analima tungule kijijini Bambi, akipiga dawa ya dukani kila wiki huku amejifunga kanga puani, na kikohozi hakimwachi. Nikamwambia aitupe, dawa yetu iko njiani.

Bakteria wale hawakuruhusiwa kutoka maabara bila ya kibali, na ni sawa kabisa. Lakini mashindano ya wanafunzi tuliyoingia yalitaka video ya mkulima. Kiongozi wetu, kijana anayependa kamera kuliko darubini, akatia rangi ya keki kwenye dumu la maji, akabandika na karatasi yenye jina la mradi. Sikukataa. Nilikuwa na mdomo wangu, sikuutumia.

Shangazi alivaa gauni lake la kwendea harusini. Akaitikia shikamoo yangu kwa bashasha, akajaza bomba, akapuliza mstari mzima huku anacheka. Wenzangu wakampigia makofi. Mara ikashuka mvua, kila mtu akakimbilia kuokoa kamera, na dumu likabaki. Nikasema nitampigia simu nimweleze. Sikumpigia, ati tulikuwa na ripoti ya kuandika. Na ndani ya ripoti hiyo tuliandika kwamba wakulima wameshirikishwa!

Wiki ya tatu akanipigia mwenyewe.

"Mwanangu, dawa yenu naona nliizidishia maji. Ile ya dukani nshaitupa kama ulivonambia, na tungule zote zishatobolewa. Nletee dumu jengine."

Nilimtaka kiongozi wetu twende tukamwombe radhi. Akanijibu kwamba ile ilikuwa video tu, na kama kuna mtu aliyemwambia mama yule aache dawa, basi si yeye. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Kilichonikasirisha zaidi ni kuwa alisema kweli.

Nikaenda Bambi peke yangu. Shangazi alikuwa anang'oa miche na kuitupa kwenye lundo, shamba zima kahawia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kuketi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo siku ile nnapuliza, mlikuwa mnajua kuwa ni maji?"

"Tulikuwa tunajua, shangazi."

"Nyote?"

"Sote."

Akaufuta udongo mikononi kwa upande wa kanga.

"Basi ile picha nnacheka, ifuteni."

Nimewaandikia wenzangu mara chungu nzima, kwa adabu na bila ya adabu. Wanasema ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika video. Mpaka leo imo mtandaoni, na yeye anacheka.