Msagaji Aliyesoma Mabeseni

Watu wa kijiji cha Mtolongo walimzoea Lapukeni akiwa mweupe. Kope nyeupe, nyusi nyeupe, masikio meupe hadi ndani, na shati ambalo hakuna aliyekumbuka lilinunuliwa likiwa na rangi gani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisaga nafaka zao katika kibanda cha mabati, pale barabara ya kwenda Phalombe inapokutana na njia ya kisimani. Mashine ilikuwa ya dizeli, mali ya tajiri mmoja wa mjini, na ngurumo yake ilikwisha kumla Lapukeni sikio la kushoto. Ukitaka akusikie, ulizunguka ukasimama kuliani kwake. Na hata hapo ulihitaji bahati, kwa maana mara nyingi hakuwepo ingawa alikuwepo. Alisimama mkono juu ya mdomo wa mashine, macho yakifuata vumbi la unga lililoelea kwenye miali ya jua iliyopenya matundu ya misumari, na uso wake ukawa wa mtu anayesikiliza hadithi inayosimuliwa chumba cha pili.

Hakuwa mzaliwa wa pale. Alitoka Thyolo kwenye mashamba ya chai, akaja kuoa, na kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Kiwanja kilikuwa cha Dorika, shamba la Dorika, na mawe matatu ya jikoni ya Dorika. Mtoto hawakujaliwa. Dorika alipofariki, shamba lilirudi kwa wadogo zake kama ilivyo haki, na mkwe aliyefiwa hufunga virago akarudi kwao. Lapukeni hakufunga. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwambia abaki. Asubuhi iliyofuata kuanua matanga, wanawake walikuwa wamepanga mabeseni mlangoni pa mashine, na ilibidi mtu asage. Tangu hapo aliishi kwa bakuli: kila beseni lililosagwa, bakuli dogo la unga lilikuwa lake.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilianza kwa heshima, watu wakapanda, kisha mbingu zikafunga mlango wiki tano. Mahindi yakaungua yakiwa kimo cha kidole. Mvua ziliporudi karibu na Krismasi, watu walipanda tena mbegu za kuombaomba.

Lapukeni aliiona njaa kabla haijapewa jina. Mwezi wa Oktoba mabeseni yalikuja yamejaa, na wenyewe wakitaka mahindi yakobolewe kwanza, sembe iwe nyeupe. Novemba wakasema, "Leo usikoboe, baba, saga hivyo hivyo," na wakaongeza bila kuulizwa kwamba dona ina afya. Desemba beseni likawa nusu. Halafu mabeseni yakaanza kufunikwa vitenge.

Hakuwahi kufunua kitenge cha mtu mbele za watu. Alipokea beseni, akawapa mgongo waliokuwa kwenye foleni, akamimina. Lakini mashine haijui kutunza siri. Mahindi huingia yakirindima kama mvua ya mawe juu ya bati. Pumba huingia zikihema. Kokwa za maembe, zilizokaushwa na kupondwa, huingia zikikwaruza, na sauti ile ukishaisikia mara moja hutaisahau. Kila aliposhika beseni la kokwa, Lapukeni aliongeza moto wa injini mpaka kibanda kizima kikatetemeka, asiweze mtu kusikia kitu isipokuwa ngurumo.

Siku za Jumamosi alikuja Bibi Nakhumwa kufagia. Alikuwa mdogo wa mwisho wa bibi yake Dorika, umri umepita themanini, mgongo umepinda kama mundu, na kwa utani wa kibibi alimwita Lapukeni mume wangu. Vumbi la sakafuni ni la msagaji, ndiyo desturi. Lapukeni alimwachia lote. Bibi alilifagia kwa ufagio wa manyasi, akalichekecha kutoa mchanga, akaondoka na kifurushi chake.

"Mume wangu," alisema Jumamosi moja ya Januari, akiwa ameinama katikati ya kibanda, "mbona sakafu safi kama ya kanisani? Umeoa mke mdogo anayefagia?"

"Sijaoa, bibi."

"Basi umeanza kulamba."

"Wateja wachache, bibi."

Bibi alitazama sakafu, akamtazama yeye, akatazama bakuli dogo lililokuwa limefunikwa juu ya pipa la dizeli. Alichukua ufagio wake akaenda zake, na safari hii hakuwa na kifurushi.

Baada ya hapo halikuja beseni hata moja. Lapukeni aliendelea kufungua kibanda asubuhi, akaupaka mkanda nta, akapangusa mdomo wa mashine, akakaa mlangoni. Nje kila kitu kilikuwa kijani. Hilo ndilo alilolishangaa zaidi. Mahindi ya kupanda mara ya pili yalikuwa yamefika magotini, majani ya maboga yametambaa hadi barabarani, nyasi zinang'aa, mlima Mulanje umejifunika mawingu na vijito vyake vinamwagika kama nyuzi za fedha, na katikati ya kijani hicho chote watu walikuwa wakitembea polepole, wameshika kuta.

Yeye alichemsha majani ya maboga kwa chumvi. Siku nyingine embe bichi. Siku ya tatu au ya nne ya namna hiyo tumbo lilinyamaza, na mwili ukawa mwepesi. Alihisi kwamba akiinuka ghafla angeelea kama lile vumbi. Aliisikia mashine ikinguruma nayo imezimwa. Aliuona mlima ukigeuka kilima cha unga, mweupe, laini, umechekechwa mara mbili, na wanawake wa Mtolongo wakiupanda kwa mstari, kila mmoja na beseni tupu. Dorika alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, kitenge chake cha samawati kimelowa umande, akasema kwa sauti ya kila siku, "Nimekuja kuchukua unga, bado tu?"

"Bado kidogo," Lapukeni alimjibu, akainuka kuwasha mashine. Mkono wake ulikuta chuma cha baridi. Mlangoni palikuwa na jua tu. Akakaa tena, wala hakuhuzunika. Alijisikia kama mtu aliyetembelewa.

Wiki hiyo ndipo alipokuja Tiyamike, binti wa shirika moja la misaada, kutoka Zomba, kwa pikipiki iliyojaa matope. Watu wakaitwa kwenye baraza ya shule. Mkuu wa kijiji alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Kila anayeshika ukuu wa kijiji huitwa Mtolongo, kama kijiji chenyewe, naye alikuwa mama wa makamo, mzito wa umbo na mchache wa maneno.

Tiyamike alieleza kwamba kutakuwa na mahindi na mbaazi kwa kaya arobaini, za wale walioishiwa kabisa. "Siandiki jina kwa kunong'onezwa," alisema. "Kila jina litajwe hapa, na wote mlisikie mkubali."

Mara ikazuka fujo. Aliyesikika zaidi alikuwa Wailesi, mtu wa sauti kubwa sawasawa na jina lake, maana wailesi kwao ni redio. Alitaja dada zake, akataja shemeji zake, akaanza kutaja binamu.

"Hao binamu zako wana mbuzi," mama mmoja alimkatiza.

"Mbuzi si mahindi."

"Basi na wewe si redio, punguza sauti."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko kisicho na nguvu. Majina yakawa yanatoka kwa wenye ndimi. Wasionena walikuwa wamekaa nyuma, vitenge vimefunika vichwa. Tiyamike akasitisha kalamu.

"Mama Mkuu," alisema, "hapa kijijini hakuna mtu anayejua kila nyumba inapika nini?"

Mtolongo alifikiri. "Yupo mmoja," alisema. "Muiteni msagaji."

Lapukeni hakuwa mkutanoni. Mambo ya ardhi na mambo ya mahindi ni ya wenye kijiji. Walimkuta kibandani amefumba macho, wakamwinua, akaja taratibu mkono wake ukipapasa hewa. Bibi Nakhumwa alimzungusha, sikio lake la kulia likaelekea watu.

"Tuambie nani ana njaa," Mtolongo alisema.

Alifuata kwa macho vumbi lililoelea barazani, watu wakadhani ameshasafiri kwenye ndoto zake. Kisha akaanza. Hakumtaja mtu kwamba alileta pumba, wala kwamba alileta kokwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba kama mtu anayetembea njia aijuayo gizani, na alichosema kilikuwa siku tu.

"Kwa Esnati, mara ya mwisho mashine ilimsagia wiki ya kwanza ya Desemba. Kwa mjane wa Sitande, kabla ya Krismasi, siku ile ya radi. Kwa akina Magireta walioachiwa wadogo zao, siku mbili baada yake. Kwa Mwalimu Sikelo, Novemba."

Vichwa viligeuka. Mwalimu Sikelo mstaafu alikuwa amekaa wima kwenye benchi la mbele, tai shingoni, kitabu cha nyimbo magotini. Hakuna aliyewahi kumdhania. Alitazama mbele, taya likicheza.

"Kwa Wailesi," Lapukeni aliendelea, "mkewe alikuja Januari tarehe sita. Hakurudi tena."

Wailesi hakuwa amemtaja mkewe wala watoto wake. Alikaa chini, akaanza kuchora udongo kwa kidole.

Majina yalifika thelathini na tisa. Tiyamike aliinua uso. "Na wewe mwenyewe, baba?"

"Msagaji?" mtu alisema kutoka nyuma. "Anaogelea kwenye unga huyo. Mtazame nyusi."

"Mimi ni mkwe wa watu," Lapukeni alisema. "Na mke mwenyewe hayupo. Andika mmoja wa wenye kijiji."

Hapo Bibi Nakhumwa aliinuka. Ilimchukua muda, kwa kuwa magoti yake yalikuwa na majadiliano yao, na watu walimngoja.

"Mimi ndiye ninayefagia pale," alisema. "Miaka minne huyu mtu ananipa vumbi lake, nami nakula. Jumamosi tatu zilizopita nilifagia nikapata mchanga. Bakuli lake nililiona. Lilikuwa limefunikwa, maana hata yeye anajua kufunika njaa. Nyinyi mnaona nyusi. Mmeona kiuno? Amefunga suruali kwa kipande cha mkanda wa mashine." Alipumua. "Halafu mnasema mkwe. Kaburi la mkewe liko wapi? Liko hapa. Nani analipalilia? Mtu aliyezika hapa ni wa hapa. Mwandike, binti yangu, na kama nafasi hakuna, futa jina langu."

Lapukeni alikuwa akitazama ardhi. Alijisikia kama beseni lake limefunuliwa kitenge, na aibu ilimpanda moto hadi masikioni; na nyuma ya aibu, polepole, kikaja kitu kingine ambacho hakukipatia jina.

"Hakifutwi kitu," Mtolongo alisema. "Mwandike wa arobaini. Na waliobaki nje ya hesabu, kila mmoja atakula na nyumba iliyo karibu naye. Msagaji atapika pamoja na bibi, kuni apasue yeye."

"Hatimaye ndoa," alisema Bibi Nakhumwa, na hapo watu walicheka kweli.

Mahindi hayakuja kesho yake. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, yakachelewa siku kumi na moja, na siku hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Ila sasa watu walijua. Mwenye majani ya maboga aliyapeleka kwa mjane wa Sitande bila kujifanya kwamba yamemzidi. Binamu zake Wailesi walichinja mbuzi mmoja, mchuzi ukazunguka nyumba nane. Mwalimu Sikelo alipokea sehemu yake, lakini hakumsalimu Lapukeni mpaka Pasaka ilipopita. Walipokutana njiani alivuka upande wa pili. Lapukeni aliliona hilo na liliuma. Hakupata jinsi ya kulitengeneza.

Lori lilipofika, Lapukeni alisaga tangu asubuhi hadi jua kuzama, wala hakugusa bakuli lake. Kibanda kilijaa ile mvua ya mawe. Vumbi likainuka, likasimama kwenye miali ya jua, na yeye akasimama ndani yake, mdomo wazi kidogo, akiwa mbali. Safari hii watu hawakumshtua. Jioni alikaa kwenye baraza ya Bibi Nakhumwa, mbele ya ugali uliofuka moshi na mbaazi zilizochemka hadi kupasuka. Tonge la kwanza alilishika muda mrefu kabla ya kulitia kinywani.

"Kula, mume wangu," bibi alisema. "Halitaruka."

Mtolongo alimkatia kipande cha ardhi kando ya kijito, kirefu na chembamba kama kitambaa cha kilemba. Msimu uliofuata alipanda mahindi na mbaazi katikati yake, na mvua hazikufanya ubishi. Mwezi wa Mei alivuna, akapukuchua, akajaza beseni, akaenda nalo kibandani kabla ya jua kukolea, akitaka asage lake upesi apate kuwahudumia wateja.

Foleni ilikuwa tayari imefika barabarani. Bibi Nakhumwa alikuwa wa kwanza, amekalia kigoda. Alilitazama beseni la Lapukeni, lisilofunikwa, mahindi yamejaa hadi ukingoni.

"La nani hilo?"

"Langu, bibi."

"Basi panga foleni," alisema. "Washa mashine kwanza, halafu urudi huko nyuma."

Lapukeni aliwasha mashine. Kisha alilibeba beseni lake, akaenda kuliweka mwisho wa mstari, nyuma ya lile la Mwalimu Sikelo, ambaye alisogeza la kwake kidogo ili yakae sawasawa.